Mshono wa Mgongoni

...na asinicheleweshe, maana nimemwambia nashika kiungo kimoja tu, sufuria la oden, vile vitoweo vya kuchemsha ninavyouza kibandani kwangu, liko jikoni linachemka peke yake na mayai yakipitiliza kwenye ule mchuzi mweusi yanakuwa mawe, mteja akiumia jino halaumu mume wa mpishi, ananilaumu mimi, lakini Teruyoshi, mume wangu, amesema Mama, shika hapa, kidole gumba huku, viwili vya mbele huku, usibane kama unakamua dekio, bana kama umeshika mkono wa mtoto barabarani, na mara kengele ya mlango ikalia, akaenda kufungua akiburuta ndala, na mimi nimebaki kwenye meza yake kama kibanio cha nguo na ndege mkononi, modeli ya plastiki ya ndege ya kutua majini, ndefu kuanzia kiwiko changu mpaka ncha za vidole, nusu ya kushoto na nusu ya kulia, tumbo aliligandisha jana na limefungwa mipira na utepe wa karatasi, leo ni mgongo, tena si mgongo wote, kipande cha nyuma tu karibu na mkia, kwa sababu Teruyoshi mshono mrefu haugandishi kwa mkupuo, anakwenda kipande kwa kipande, anasubiri, anakwenda tena, kama mtu anayekula samaki mwenye miiba mingi... kwa nini usitumie vibanio, nilimuuliza, droo nzima imejaa vibanio, akasema kibanio hakijui kimebana nini, plastiki hii imepinda, boksi lake limelala chini ya rundo miaka yote ile na kubebeshwa maboksi mengine, nusu moja inataka kwenda juu na nyingine chini, inataka vidole vya mtu anayehisi, na vidole vyangu leo havitulii zaidi ya nusu saa, Mama, nisaidie, na kwa kuwa aliomba bila kunitazama sikuweza kusema hapana, mimi ambaye hapana ndiyo salamu yangu... nani huyo, sauti hiyo naijua, "samahani sana, Unno-san, nilikuwa napita tu," Katsumata, anayemwita mume wangu kwa jina la ukoo, mwenyekiti wa chama chao cha wajenzi wa modeli, mtu asiyeweza kusema mvua inanyesha mpaka ausifu kwanza mwavuli wako, na Teruyoshi namsikia, "mtu hapiti tu na boksi la vitafunwa vya mochi mkononi, ingia, ingia, viatu acha hapo hapo," na mlango wa karatasi kati ya sebule na hapa haukufungwa vizuri, nasikia mpaka mto wa kukalia unavyopumua Katsumata anapokaa, ana tumbo siku hizi, na chai inamiminwa, nani anamimina, asimimine Teruyoshi, atamwagia mtu mapajani... inaonekana amemimina Katsumata mwenyewe, afadhali, kumbe ana akili.

Amekuja kwa ajili ya Mei. Najua. Mwezi wa Mei vyama vyote vinapanga meza za maonyesho kwenye ule ukumbi mkubwa, Shizuoka nzima inajaa watu wazima wanaotazama vitu vidogo wakiwa wameinama, na kila mwaka Teruyoshi amekuwa na sehemu yake mezani, anasimama nyuma mikono mgongoni, hasemi kitu, mtu akiinama kuitazama kazi yake kwa muda mrefu yeye anasema tu asante kwa kuinama, basi, hayo ndiyo maneno yake ya siku nzima, na usiku wake analala kama mtoto aliyenyonya... Katsumata amekuja kumwambia, na kama amekuja kumwambia basi aseme, maana na mimi nilikuwa nimeamua kusema leo, baada ya kufungua kibanda na kuhudumia wale wa mchana, nimelifanyia mazoezi neno lenyewe mbele ya sufuria, Baba Nagisa, mikono yako imekwisha, weka chini, basi, bila sukari, kwa sababu mimi sijui kuzungusha, oden nilijifunza mwenyewe kwa kuunguza masufuria, hakuna aliyenishika mkono, na mteja akiniuliza keki ya samaki ni ya leo, kama ni ya jana nasema ni ya jana, wengine wanaondoka, wanaorudi wanarudi milele, ndivyo nilivyolea mtoto na ndivyo nilivyoishi na mwanamume huyu, tangu siku aliyokuja nyumbani kwetu na suti ya kuazima nikamwambia mbele ya mama yangu suti hiyo si yako, akasema si yangu, nikasema basi ingia... na mikono imekwisha kweli, daktari alisema polepole, hapo mwanzo ilikuwa kidole kimoja tu kinahesabu kitu kisichokuwepo, sasa ni mkono mzima, dawa ina wakati wake, ikishika mikono inatulia kama maji kwenye beseni, ikiachia inarudi na hasira, na yeye kazi yake yote anaisukumia kwenye ule wakati wa dawa, anaimeza, anakaa anaitazama mikono mpaka inyamaze, halafu anawahi, mwanamume ambaye hajawahi kuwahi kitu maishani, anawahi, na nimekuta kisu kimesimama kwenye nyama ya gumba lake na yeye anakitazama tu kama kimechomekwa kwa mtu mwingine, na nimekuta sindano ya keekee ya vidole, ile ya kutobolea matundu ya waya wa shaba kwenye mizizi ya mabawa, imekatikia kiganjani, nikaitoa kwa kibano chake mwenyewe, na juzi aliangusha kipande kama punje ya mchele, akatambaa kwenye mikeka mpaka saa ya kula, hataki nimsaidie, nikakikuta ndani ya ndala yangu, na sikumwambia kwamba kilinichoma, nilikiweka tu mezani... sasa huo ni uzee au ni adhabu, kwa nini mtu ajitese, si kuna modeli zilizokwisha kujengwa kabati nzima, akae azitazame.

"...boksi lile?" Katsumata anauliza, "lile lililokuwa rafu ya juu kabisa dukani, la enzi zile? Hatimaye umelifungua?" na Teruyoshi anacheka, "nilikuwa nangoja mkono ukomae," na wote wawili wanacheka, mimi sicheki, kwa sababu najua si utani, lile rundo la maboksi yasiyofunguliwa wenyewe wanaliita tsumi, neno ambalo ukilisikia bila kuliona limeandikwa ni dhambi vilevile, na wanaume wa chama wanataniana, wewe una dhambi ngapi nyumbani, mke wangu anazijua nusu tu, lakini la Teruyoshi halikuwa la kununua ovyo, hili la ndege ya majini alilinunua Nagisa akiwa hajaanza shule, akalifungua mara moja, akashika vile vipande, akavirudisha, akasema bado, mkono wangu bado, sitaki kuiharibu, na kila alipomaliza modeli nyingine nilisema haya, sasa ile, akasema bado, alikuwa mzuri, watu walitoka Nagoya kuja kuinama, akasema bado, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba mkono unaweza kukomaa na kupita kama tunda la persimoni unalolisubiri mtini, unaenda asubuhi unalikuta limeliwa na ndege... mimi nilipaswa kumwambia, mimi ninayesema kila kitu, lakini nilidhani ni mambo ya plastiki tu.

Mshono unanitoka munyu. Ndivyo wanavyouita, munyu, si chumvi, ni neno letu la Kijapani la kitoto, sauti tu ya kitu laini kikibinywa, gundi hii yenye harufu ya machungwa haigandishi kama uji wa karatasi, inayeyusha kingo zote mbili, halafu ukizibana zinaingiliana, na kile kinachozidi kinafura juu ya mstari kama ufizi, wageni wa kazi hii wanakifuta, Teruyoshi anataka kumpiga mtu anayekifuta, kiache, kifure, kikauke siku kadhaa, ndipo upitishe msasa, na ukimaliza hapana mshono, hakuna nusu mbili tena, kitu kimoja... nauona munyu sasa, mweupe, mwembamba, umefura sawasawa mstari mzima, alipanga vizuri, haki yake nampa, asubuhi dawa iliposhika alizilinganisha hizi nusu kwa ukucha, anapitisha ukucha huku na huku kwenye mstari, usikwame popote, kisha akanipa nishike, na mimi sikufanya kitu ila kuwa vidole.

"Sasa, Unno-san, kuhusu Mei," haya, ameanza, "sisi kamati tulikaa, tukazungumza, kwa heshima tu, kwa heshima," heshima mbili katika pumzi moja, hapo pana jambo, "mwaka huu meza ni chache, na vijana wameongezeka, tukafikiri, kazi zako zile za zamani, zile nzuri, tuziweke kwenye meza ya kumbukumbu, pale mbele karibu na mlango, kila anayeingia azione, na wewe usijisumbue kusimama"... meza ya kumbukumbu, meza ya kumbukumbu ni ya waliokufa, naijua, ina kitambaa cheupe na picha za watu, mwaka juzi ilikuwa na Isobe na yule fundi wa vifaru aliyeanguka bafuni, watu wanaikunjia mikono kabla ya kupita, Katsumata mshenzi wewe, unakunywa chai ya nyumba hii na kumpangia mtu kiti cha marehemu, ningekuwa na mikono ningekuja hapo nikakutia hiyo mochi... na mwili wangu ukainuka, sikuutuma, bega likainuka na gumba likafuata, kidogo, kidogo mno, nikahisi kitu kikiteleza chini ya kidole kama ngozi ya maziwa ya moto.

Nimeuhamisha mshono. Pitisha ukucha, taratibu... unakwama. Nusu ya kulia imepanda, ngazi, unene wa ukucha wenyewe, kwenye mgongo, mahali taa ya ukumbini inapoangukia kwanza, rangi haifichi ngazi, rangi inaitangaza, na munyu upande mmoja umefura na upande mwingine umezama, nimeharibu, ni mimi, mkono usiotetemeka... huko sebuleni Teruyoshi, sauti yake ileile ya kuuliza kama chumvi ipo, "meza ya kumbukumbu, Katsumata, mbona bado nakunywa chai," na Katsumata, "ah, hapana, hapana, sikumaanisha," "ulimaanisha, si neno, Isobe alipewa akiwa hajui, mimi unaniuliza, ni maendeleo," na Katsumata anacheka kicheko cha mtu aliyekaliwa mguu, "wewe nawe, Unno-san," "sikiliza," anasema Teruyoshi, "nisikuchoshe na kamati yako. Nimeshajiwekea mtihani mwenyewe. Mgongo wa ile ndege niliupanga asubuhi hii kwa mkono wangu. Mama ameushika, mimi niliupanga. Nikirudi mle ndani nitapitisha ukucha. Ukipita, nakuja Mei, nasimama nyuma ya meza kama kawaida, unitafutie pembe. Ukikwama, basi, sitakuja, na maboksi yote uwape vijana wako. Sitaki tena mtu aje na mochi," "Mama Nagisa ndiye kashika?" Katsumata anauliza, "yule aliyemfukuza mteja kwa kuomba haradali mara ya pili?" na Teruyoshi, "yule yule. Mkono wake haujui kudanganya. Ndiyo maana nilimpa yeye."

Nilimpa yeye... basi liko kwangu, lile neno nililolifanyia mazoezi mbele ya sufuria halina haja tena, sina la kusema, ni kukaa tu, niushike mshono hivi hivi ulivyo, gundi ikomae, yeye aje, apitishe ukucha, ukwame, na hatauliza nani, atadhani ni yeye, ataitazama mikono yake kama mtu anavyomtazama mbwa wake mzee aliyemng'ata mgeni, atasema basi, na imekwisha, hakuna kisu tena kwenye gumba, hakuna mvuke wa gundi, hakuna kutambaa, nitalala mchana bila kusikiliza kama kuna kitu kinaanguka, si ndicho nilichotaka, si leo hii nilikuwa nakwenda kulisema kwa mdomo wangu, tofauti ni nini... tofauti ni kwamba ningesema mikono yako imekwisha na ingekuwa kweli, na huu ni mkono wangu. Niite basi. Baba Nagisa, njoo, nimehamisha, ni mimi, Katsumata alinitia hasira, ndivyo ninavyofanya mimi, nasema, na atakuja, na atasema si kitu, Mama, si kitu, kwa sauti ile, na hataamini, nakujua, Teruyoshi, utadhani nakufunika, utadhani nimeibeba aibu yako, maana ni nani atakayeamini kwamba kati ya mikono minne ya nyumba hii uliotetemeka ni wangu, nikisema kweli itasikika uongo, na nikinyamaza ni uongo, na hilo sikuwahi kukutana nalo, kwenye kibanda keki ni ya leo au ya jana... asante kwa kuinama, alisema kwa yule mzee wa Mei iliyopita aliyeinama mpaka miwani ikagusa meza, mikono ya Teruyoshi ilikuwa nyuma, mimi nilikuwa nyuma yake nimeleta chakula, nikaiona, ilikuwa inapigana yenyewe kwa yenyewe kama vifaranga kwenye mfuko, na mbele uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyefika, na niliona vyote viwili, mbele na nyuma, na nilichochagua kukibeba kuja nacho nyumbani ni ile mikono tu.

Gundi hii ni ya polepole. Bado laini ndani, naihisi, inafuata nikisukuma, haijafa... sukuma. Si kwa gumba, gumba lina hasira, kwa tumbo la kidole cha pili, polepole, chini, nusu ya kulia inarudi, inagoma, inarudi, kuna mlio, si mlio, ni kitu kama uzi wa tambi unaokatika ndani ya plastiki, nimeusikia kwa mfupa si kwa sikio, na ukucha, pitisha ukucha... umepita. Umepita mpaka mkia. Munyu unafura upya, hata mwenyewe nisingejua, ni mstari uleule alionipa... ila najua, nimefagia chini ya meza hii maisha yangu yote, nimesikia, kiungo kilichosogezwa kikiwa kimeanza kushika kinanyooka kwa nje tu, ndani nyuzi zimekatika, na plastiki iliyopinda haisahau ilikotaka kwenda, ile ndege yake ya njano, ya kwanza kabisa, alimwacha Nagisa aishike mapema, na kiangazi cha tatu au cha nne, joto lile la kabla ya tufani, tuliamka tukakuta imefunguka mgongoni, mstari mweusi kama mdomo, hakuna aliyeigusa, na yeye hakusema kitu ila kwamba inatoka ndani, Mama, hii inatoka ndani... na hii aliijenga idumu, waya wa shaba, vibao kwa ndani, aliosha kila kipande kwa sabuni, aliniambia itakuwepo sisi tukiwa hatupo, Nagisa atakuja nayo aiweke dirishani, na sasa haitadumu, itasimama Mei, itasimama mwakani pengine, watu watainama, na kiangazi kimoja itafunguka, na kwa hesabu ya daktari kiangazi hicho nitakuwa peke yangu kwenye nyumba hii, mimi na kabati na mstari mweusi, na hapatakuwa na mtu wa kumwambia ni mimi... na mpaka huo wakati kuna mshono wa mgongo wa mbele, kuna mabawa, kuna injini nne, na viungo vyote vitataka vidole visivyotetemeka, na nikishaanza leo nitavishika vyote, kimoja kimoja, na kila kimoja atapitisha ukucha...

Mochi wanakula, nasikia karatasi. Sufuria jikoni limeanza kupiga kifuniko, mayai yamekwisha kuwa mawe, nitawaambia ni mawe, wale wasiotaka wasile. "Mama," anaita Teruyoshi kutoka kule, na kikombe chake kinagonga sahani, kinagonga, kinagonga, dawa imeshaachia, "imekaa?"

"Imekaa sawa," nasema, na hakuna hata neno moja la uongo ndani yake.

"Basi usiachie bado," anasema.

Siachii.